Kumtoa Mtoto Shuleni: Walutheri Waliotutangulia Walifanyaje?

Mwaka jana, baada ya ibada ya pili, mama mmoja wa usharika alinisubiri mlangoni mwa ofisi. Yeye na mumewe walitaka kumtoa binti yao wa darasa la nne katika shule ya serikali, wamfundishe wenyewe nyumbani. Darasa lina watoto wengi mno, alisema, mtoto anarudi na maneno yasiyotamkika mbele ya mtu mzima, na mambo ya Mungu hayasikiki kabisa pale shuleni. Nilimkumbusha kwamba sheria yetu inamtaka kila mzazi amwandikishe mtoto wake shule ya msingi. Alilijua hilo. Alichotaka kwangu ni kitu kingine: "Baba Mchungaji, Luther angesema nini?"

Sikumjibu siku ile. Nilidhani jibu ninalo, nilipokwenda kulitafuta nikalikuta gumu kuliko nilivyodhani.

Vitabu alivyokuwa navyo vilitoka Marekani, na huko jambo hili lina historia yake. Mwalimu John Holt, aliyekwisha kata tamaa ya kuzirekebisha shule, alianzisha mwaka 1977 jarida la wazazi wanaosomeshea watoto nyumbani. Yeye hakusukumwa na dini. Wazazi Wakristo waliingia kwa wingi miaka ya 1980, na baadhi yao walifikishwa mahakamani kabla majimbo hayajalegeza sheria. Ni historia ya kuheshimiwa, lakini si yetu. Yetu sisi Walutheri inaanzia kwingine.

Wengi wetu tungekimbilia Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529. Kila sehemu yake kuu ina kichwa kinachosema kwamba hayo ndiyo mwenye nyumba anayopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Hasemi mchungaji wala mwalimu. Kijitabu hiki tunachowapa vijana wa Kipaimara, kana kwamba ni kitabu cha darasani, kiliandikwa kwa ajili ya meza ya chakula. Hapo yule mama angeshangilia.

Lakini miaka mitano kabla yake, mwaka 1524, Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule na kuzitunza. Shule za watawa zilikuwa zinakufa, na wazazi wengi hawakuona faida ya kumsomesha mtoto asiyekwenda kuwa padri. Angeweza kuwaambia wazazi, basi fundisheni wenyewe. Hakufanya hivyo. Alisema waziwazi kwamba wazazi wengine hawajali, wengine hawawezi, na hata wanaoweza hawana nafasi, kwa kuwa wana kazi za kutwa nzima. Mji unatumia fedha kila mwaka kwa bunduki, barabara na madaraja, alisema. Kwa nini usitumie kwa vijana? Aliwataja na wasichana, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku zile. Mvulana aende shule saa moja au mbili kwa siku, msichana saa moja, na muda uliobaki wawe nyumbani wakijifunza kazi. Kwake nyumba na shule zilimgawana mtoto siku ileile. Wala hakuwa mtu wa kuipamba shule: mwaka 1520 alikwisha onya kwamba mahali ambapo Maandiko hayatawali si pa kumpeleka mtoto.

Nyumbani kwake mwenyewe ilikuwaje? Mwanawe mkubwa, Hans, alifundishwa nyumbani kule Wittenberg. Mwezi Agosti 1542, Hans akiwa na miaka 16, Luther alimpeleka Torgau kwa mwalimu Marcus Crodel, akaomba akazwe katika sarufi na muziki. Wiki chache baadaye Magdalena, dada yake Hans, akaugua sana. Luther akatuma gari kumrudisha Hans ili waonane, maana walipendana mno. Magdalena alifariki Septemba 20, akiwa na miaka 13. Hans alirudishwa shuleni, na kufikia Krismasi alikuwa analia akitaka kurudi nyumbani. Baba yake, ambaye naye alikuwa bado na kidonda kibichi, alimwandikia ajikaze na abaki. Mimi nina watoto, na sijui kama ningeandika barua ile. Lakini inaonyesha kwamba aliyeiita nyumba mahali pa katekisimu hakuiona kuwa mahali pa kujificha.

Je, hakuna wakati wa kumtoa mtoto? Upo, na hapa naomba tukae kidogo na ndugu zetu wa Norwei.

Wajerumani waliivamia nchi hiyo Aprili 1940. Februari 1, 1942 wakamweka Vidkun Quisling kuwa waziri mkuu, na siku chache baadaye akatoa sheria mbili. Ya kwanza iliwalazimisha walimu wote kuingia katika chama kipya cha walimu chini ya watu wake. Ya pili iliwataka watoto wote wa miaka 10 hadi 18 waingie katika jumuiya ya vijana ya chama chake cha siasa. Mtoto angelelewa na chama, na mzazi angepewa taarifa tu.

Maaskofu walipinga mara moja. Februari 24 walijiuzulu vyeo vyao vya serikali, huku wakisema kwamba utumishi waliopewa kwa kuwekewa mikono hauwezi kuondolewa na serikali. Walimu, wengi sana kati ya takriban 14,000 waliokuwapo nchini, waliandika kila mmoja barua yake yenye maneno yaleyale mafupi: dhamiri yangu hainiruhusu. Mwezi Machi wakafuata wazazi. Barua zaidi ya 200,000 zilifika wizarani, kila mzazi akisema hataki mwanawe aingizwe katika jumuiya ile.

Serikali ilifunga shule kwa mwezi mzima, ikisingizia upungufu wa kuni na makaa ya kupasha joto madarasa. Hapo ndipo masomo yalipohamia nyumbani. Walimu walikusanya watoto katika vyumba vya watu na kuendelea kufundisha bila mshahara, na watu wakachangishana kwa siri kuzitunza familia zao. Mwishoni mwa Machi walimu wa kiume wapatao 1,100 walikamatwa. Karibu 500 walipelekwa kwa meli hadi Kirkenes, kaskazini kabisa, wafanye kazi ngumu pamoja na wafungwa wa vita. Siku ya Pasaka, Aprili 5, wachungaji karibu wote walijiuzulu vyeo vya serikali baada ya kusoma madhabahuni tamko la imani la kanisa, lenye sehemu nzima juu ya haki ya wazazi na kanisa katika malezi ya mtoto. Askofu Eivind Berggrav wa Oslo alizuiliwa katika kibanda msituni karibu mpaka mwisho wa vita. Mwezi Mei Quisling alikwenda katika shule moja huko Stabekk akawafokea walimu kwamba wamemharibia kila kitu. Mpango wa kuwaandikisha watoto wote ulikufa.

Nimesoma habari hii na wanafunzi wangu chuoni mara nyingi, na daima wao husisimkia maaskofu. Mimi nawatazama walimu. Wazazi wale hawakuwakimbia walimu wa shule ya umma. Waliwafungulia milango, wakakaa nao upande mmoja. Na shule zilipofunguliwa, watoto walirudi madarasani.

Nilimweleza yule mama haya yote, na mumewe akiwapo. Alisikiliza, kisha akauliza: "Kwani mwalimu wa binti yangu yuko upande wangu?" Nikamwuliza kama amewahi kwenda kuonana naye. Hakuwahi. Akaniuliza na mimi: katika ratiba ya shule ile kipindi cha dini kipo kila wiki, ni nani kutoka usharikani hukifundisha? Niliwauliza wazee wa kanisa. Mwinjilisti aliyekuwa akienda alihamishwa miaka mitatu iliyopita, na hatukumtuma mwingine. Watoto wetu hukaa kipindi kile wakipiga kelele.

Sasa naenda mimi, siku za Jumatano. Yule mama bado hajaamua. Binti yake hukaa dawati la pili karibu na dirisha, na Amri ya Nne anaijua pamoja na maelezo yake.