Biashara ya Nje ya Komoro: Mazao Matatu, Mchele wa Kuagizwa na Pengo Linalozibwa na Walio Ughaibuni

Muungano wa Visiwa vya Komoro hutegemea mazao matatu makuu katika mauzo yake ya bidhaa nje ya nchi: karafuu, vanila na mafuta ya mlangilangi. Kwa upande wa pili, nchi hiyo huagiza mchele, petroli na dizeli, saruji, magari, dawa, pamoja na nyama na kuku wa kugandishwa. Thamani ya bidhaa zinazoingia huzidi ya zile zinazotoka mara kadhaa, na hali hiyo imedumu kwa miongo mingi. Makala haya yanaeleza Komoro inafanya biashara na nani, nakisi hiyo inatokana na nini, na ni fedha zipi zinazoiziba.

Mazingira ya nchi

Komoro ilijipatia uhuru kutoka Ufaransa tarehe 6 Julai 1975. Nchi hiyo ipo upande wa kaskazini wa Mlango wa Msumbiji, na inaundwa na visiwa vya Ngazija, Nzwani na Mwali. Kisiwa cha nne cha funguvisiwa hilo, Maore, ambacho pia huitwa Mayotte, kiko chini ya utawala wa Ufaransa, ingawa Komoro inaendelea kukidai.

Idadi ya watu haifiki milioni moja. Visiwa vyote vina asili ya volkano, na ardhi inayofaa kwa kilimo ni ndogo. Soko dogo la aina hiyo huagiza shehena ndogo, na shehena ndogo husafirishwa kwa gharama kubwa. Bandari ya Mutsamudu katika kisiwa cha Nzwani ina kina kirefu, lakini bandari ya Moroni, mji mkuu, haina kina cha kutosha kupokea meli kubwa. Gharama za kuhamisha mizigo kutoka chombo kimoja hadi kingine hatimaye hulipwa na mlaji.

Wanunuzi wa mazao ya Komoro

Kila zao lina soko lake. India ni mnunuzi mkubwa wa karafuu, ambazo hutumika katika viungo vya chakula na dawa za asili. Vanila huelekea zaidi Ufaransa, Ujerumani na Marekani. Mafuta ya mlangilangi hununuliwa na watengenezaji wa manukato, hususan nchini Ufaransa. Komoro na Madagaska ndizo nchi zinazoongoza duniani kwa uzalishaji wa mafuta hayo.

Mazao hayo yote yanahitaji kazi kubwa ya mikono. Ua la vanila huchanua kwa siku moja tu na lazima lichavushwe kwa mkono. Baada ya hapo, podo hukaa shambani takriban miezi tisa kabla ya kuvunwa. Maua ya mlangilangi huchumwa alfajiri na kukenekwa kwa mvuke siku hiyohiyo. Kazi ya kukeneka huhitaji kuni nyingi, jambo ambalo limeongeza shinikizo kwa misitu ya Nzwani. Mikarafuu nayo huzaa sana mwaka mmoja na kupunguza mavuno mwaka unaofuata, hivyo mauzo ya nchi nzima hupanda na kushuka pamoja nayo.

Mkulima wa Komoro hapangi bei. Bei ya vanila huamuliwa zaidi na hali ya mavuno ya Madagaska, mzalishaji mkuu duniani. Baada ya vimbunga kuharibu mashamba ya Madagaska, bei ilipanda sana hadi mwaka 2003, kisha ikaporomoka kwa kasi katika miaka miwili iliyofuata. Hali kama hiyo ilijirudia baada ya Kimbunga Enawo cha Machi 2017: bei ilifikia mamia ya dola za Marekani kwa kilo, na baadaye ikashuka tena. Mkulima aliyepanda miche wakati bei iko juu huhitaji takriban miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza. Mara nyingi, wakati anapovuna, bei huwa imekwisha kuanguka.

Wauzaji wa bidhaa kwa Komoro

Miongoni mwa nchi zinazoiuzia Komoro bidhaa ni Umoja wa Falme za Kiarabu, Ufaransa, China, India, Pakistani na Tanzania. Mchele, ambao ndio chakula kikuu, hutoka zaidi barani Asia. Kutoka Tanzania, wafanyabiashara husafirisha vyakula, mifugo na vifaa vya ujenzi, hasa kupitia Dar es Salaam na Zanzibar.

Takwimu za washirika wa biashara zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Bidhaa iliyonunuliwa Dubai yaweza kuwa imetengenezwa China, hivyo nchi iliyouza si lazima iwe nchi ya asili. Aidha, kwa kawaida thamani ya bidhaa zinazoagizwa huhesabiwa pamoja na nauli ya meli na bima, ilhali thamani ya mauzo ya nje huhesabiwa pale mzigo unapopakiwa bandarini. Kwa nchi ya visiwa ambayo nauli yake ni kubwa, utaratibu huo huongeza ukubwa wa nakisi katika vitabu.

Vilevile, nakisi na nchi moja haina maana kwamba biashara na nchi hiyo ni mbaya. Komoro huweza kuuza karafuu India na kutumia fedha hizo kununua mchele kwingine. Kinachopimwa ni jumla ya biashara yote, na kwa Komoro jumla hiyo ni nakisi.

Hatari ya utegemezi huo ilionekana tarehe 20 Julai 2023, India ilipopiga marufuku usafirishaji wa mchele mweupe usio wa aina ya basmati. Baadaye India iliruhusu kiasi maalumu kwa baadhi ya nchi, Komoro ikiwa miongoni mwao. Hata hivyo, bei ya mchele katika soko la dunia ilikuwa imekwisha kupanda, na familia inayokula mchele kila siku haiwezi kungoja soko litulie.

Namna pengo linavyozibwa

Nchi inayonunua zaidi ya inavyouza lazima ipate fedha za kigeni kwa njia nyingine. Kwa Komoro, njia kuu ni fedha zinazotumwa na raia wake wanaoishi ughaibuni, wengi wao wakiwa Ufaransa, hususan katika miji ya Marseille na Paris. Katika miaka ya karibuni fedha hizo zimefikia takriban sehemu moja ya tano ya pato la taifa, kiasi kinachozidi kwa mbali mapato ya mauzo ya mazao yote matatu. Misaada na mikopo ya maendeleo huongezea.

Fedha hizo hulipia chakula, karo, matibabu, ujenzi wa nyumba na sherehe za ndoa kuu, mila yenye heshima kubwa hasa Ngazija. Sehemu kubwa ya matumizi hayo hurudi nje ya nchi kwa njia ya saruji, dhahabu, nguo na mchele. Kwa hiyo fedha za ughaibuni huziba nakisi na wakati huohuo huikuza.

Sarafu nayo ina nafasi yake. Faranga ya Komoro imefungamanishwa na yuro kwa kiwango kisichobadilika cha faranga 491.96775 kwa yuro moja, chini ya mpango wa ushirikiano na Hazina ya Ufaransa ulioanza mwaka 1979. Thamani yake ilishushwa Januari 1994, pale faranga moja ya Ufaransa ilipopanda kutoka faranga 50 za Komoro hadi 75. Uthabiti huo huwalinda wananchi dhidi ya mfumuko mkubwa wa bei na huwapa uhakika wanaopokea fedha kutoka Ulaya. Lakini pia huinyima serikali uwezo wa kutumia kiwango cha ubadilishaji kupunguza uagizaji au kuchochea mauzo ya nje.

Jumuiya za biashara

Komoro ni mwanachama wa Soko la Pamoja la Nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika (COMESA), na ilijiunga na eneo huria la biashara la jumuiya hiyo mwaka 2006. Mwaka 2017 ilikubaliwa kujiunga na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC). Kuhusu Ulaya, Komoro hutekeleza mkataba wa muda wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2019. Baada ya maombi yaliyowasilishwa mwaka 2007, ilikuwa mwanachama wa 165 wa Shirika la Biashara Duniani tarehe 21 Agosti 2024.

Tofauti za uanachama zina uzito kwa wafanyabiashara. Kenya ipo COMESA pamoja na Komoro, ilhali Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 na inakutana na Komoro ndani ya SADC. Uanachama wa SADC pekee hauondoi ushuru. Unafuu hutegemea nchi kujiunga na Itifaki ya Biashara na mzigo kuwa na cheti cha uasili. Mfanyabiashara anayepeleka bidhaa Moroni anapaswa kuthibitisha mambo hayo kwa mamlaka za forodha kabla ya mzigo kupakiwa.

Kwa Komoro yenyewe, mikataba hiyo hupunguza ushuru lakini haiongezi mazao ya kuuza. Nakisi itapungua pale chakula kingi zaidi kitakapozalishwa visiwani, na pale sehemu ya fedha za ughaibuni itakapoelekezwa katika mashamba, uvuvi na usindikaji. Hadi hapo, mchele wa visiwa hivyo utaendelea kutegemea bei za Asia, nauli za meli na mishahara ya jamaa walioko Marseille.