Kijito cha Kakombe, Gombe
Maji haya yanashuka kutoka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Ziwa Tanganyika. Eneo lilihifadhiwa 1943, likawa hifadhi ya taifa 1968. Sifa wamechukua sokwe. Lakini vijito navyo vilinusurika ndani ya hifadhi hiyo.

Nje ya mpaka wa hifadhi hali ilikuwa ngumu. Milima ilipokatwa miti kwa mashamba na kuni, mvua ilisomba udongo mpaka kwenye miamba ya ufukweni, wanakokula mwani samaki wadogo wa ziwa hili. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE. Kupitia mradi huo, vijiji jirani vikatenga misitu yao kwenye miteremko. Wanaopiga doria ni wanakijiji wenyewe.

Tafadhali usifue wala kuoga kwa sabuni hapa.