Usanifu wa roboti kwa tarakilishi wapunguzia shule za mbali hasara

KWA shule inayotaka kuunda roboti mjini Garissa, kosa la milimita moja linaweza kugharimu wiki nzima. Maduka mengi ya mota, gia na vifaa vya elektroniki yako Nairobi, umbali wa takriban kilomita 370. Kwa aliye Mandera, safari hiyo ni kama kilomita 1,000. Mvua zikizidi, hata barabara hukatika, jinsi ilivyotukia Novemba 2023 na Aprili 2024, Mto Tana ulipovunja kingo na maji yakafunika barabara karibu na Madogo.

Hapo ndipo usanifu kwa tarakilishi, ambao wahandisi huuita kwa kifupi CAD, unapofaa. Badala ya kukata bati kisha kugundua kwamba halitoshi, wanafunzi huliunda kwanza kwenye skrini, wakalikosoa na kulirekebisha bila kupoteza chochote isipokuwa muda.

Ujuzi huu si mgeni duniani. Mwaka 1963, Ivan Sutherland wa chuo cha MIT nchini Marekani aliwasilisha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Programu ya AutoCAD ilitoka mwaka 1982 na kuufikisha uchoraji huo kwenye tarakilishi za mezani. Hata hivyo, kwa miaka mingi bei iliziweka programu za aina hii mikononi mwa kampuni na vyuo vikuu.

Leo mwanafunzi anaweza kupata kadhaa bila malipo. Tinkercad humfaa anayeanza. Onshape hutumiwa kupitia mtandao, na wanafunzi kadhaa wanaweza kushughulikia mchoro mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa mahali pake; lakini bila intaneti haitumiki. FreeCAD huwekwa ndani ya tarakilishi na kuendelea kufanya kazi hata mtandao unapopotea, hivyo inazifaa zaidi shule zilizo mbali na miji.

Kazi huanza kwa mchoro bapa wenye vipimo kamili: urefu, upana na mahali pa kila tundu. Mchoro huo huinuliwa kuwa umbo lenye kina, yaani modeli ya pande tatu. Kisha vipande vyote huunganishwa kwenye skrini kuwa roboti moja. Watengenezaji wengi wa vipuri hutoa modeli za mota, magurudumu na gia zao bila malipo, kwa hivyo timu haina haja ya kuvichora upya.

Mathalani, gia ya meno 20 inayoendesha gia ya meno 60 hupunguza kasi mara tatu na kuongeza nguvu ya kuzungusha kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ikiwa meno ni ya moduli ya milimita 1, vitovu vya gia hizo vinapaswa kuwa milimita 40 kutoka kimoja hadi kingine. Vikiachana zaidi, meno huteleza. Vikikaribiana mno, gia hukwama. Kwenye skrini kasoro hiyo husahihishwa kwa kubadilisha tarakimu moja. Kwenye bati lililokwisha kutobolewa, hulazimu kukata jingine.

Uzito nao hujulikana mapema. Bati la alumini la sentimita 30 kwa 20, lenye unene wa milimita 3, lina takriban gramu 490. La chuma la vipimo hivyo hivyo hufikia gramu 1,400. Vilevile, timu huweza kuhakikisha kwamba roboti yake haikiuki kanuni za ukubwa. Katika mashindano ya FIRST Tech Challenge, kwa mfano, haipaswi kuzidi sentimita 45.7 kila upande kabla ya mchezo kuanza.

Modeli ikikubalika, hufuata kutoa taswira. Programu kama Blender, ambayo pia hailipiwi, huipa modeli rangi, mwanga na kivuli hata ikafanana na picha iliyopigwa kwa kamera. Taswira hiyo huwekwa katika daftari la uhandisi linalosomwa na majaji. Pia humsaidia mwalimu mkuu, mzazi au mfadhili asiyezoea michoro ya kiufundi kuelewa anachoombwa kugharimia.

Lakini taswira si ushahidi. Roboti inaweza kung'aa kwenye picha na bado ishindwe kuinua mzigo. Aidha, skrini haihisi joto. Plastiki ya PLA, inayotumiwa sana katika mashine za kuchapisha maumbo, huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Garissa, ambako joto la mchana aghalabu hupita nyuzi 35, gari lililofungwa na kuachwa juani linaweza kufikia kiwango hicho na kupinda vipande vilivyochorwa kwa uangalifu. PETG huhimili hadi nyuzi 80 hivi, na alumini haina tatizo hilo kabisa.

Thamani ya usanifu huonekana pia katika mashindano ya FIRST Global, yaliyoanza Washington Julai 2017 na ambayo Kenya imewahi kushiriki. Kila nchi hutoa timu moja, na timu zote hupewa vifaa vya aina moja. Ushindi hutegemea jinsi vifaa hivyo vinavyopangwa, na upangaji ndio kazi ambayo mwanafunzi wa Wajir au Garissa anaweza kuifanya sawa na wa jiji kubwa, mradi awe na tarakilishi na umeme.

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, baadhi yao wakifuata mkondo wa sayansi na teknolojia. Kwa shule zinazoanza, njia nafuu ni kuchora, kuchapisha mchoro kwa ukubwa wake halisi, kuubandika juu ya kadibodi na kukata kielelezo. Kikiingiana na mota na ekseli, ndipo bati likatwe. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.