Pix

Pix ni mfumo wa malipo ya papo hapo nchini Brazil. Ulianzishwa na Benki Kuu ya nchi hiyo na kufunguliwa kwa umma tarehe 16 Novemba 2020. Fedha huhama kutoka akaunti moja hadi nyingine kwa sekunde chache, saa yoyote, hata siku za sikukuu.

Historia

Awali fedha zilitumwa kati ya benki kwa njia za TED na DOC. TED ilipatikana siku na saa za kazi tu, DOC ilifika siku ya kazi iliyofuata, na kwa kawaida benki zilitoza ada. Benki Kuu ililazimisha kila benki yenye akaunti za wateja zaidi ya 500,000 kujiunga na Pix. DOC ilikomeshwa Januari 2024.

Matumizi

Mtumiaji husajili "ufunguo", kama vile namba ya simu, barua pepe au namba ya mlipakodi. Anayelipa huandika ufunguo huo au husoma msimbo wa QR kwa simu. Kwa kawaida watu binafsi hawatozwi ada, hivyo hata wachuuzi wa mitaani hupokea malipo bila mashine ya kadi.

Usalama

Kasi hiyo iliwavutia pia wahalifu, waliowateka watu na kuwalazimisha kutuma fedha. Oktoba 2021 Benki Kuu iliweka kikomo cha reali 1,000 kwa watu binafsi kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mwezi uliofuata ulianza utaratibu wa kuwarudishia fedha waliotapeliwa, lakini hapo mwanzo zilirudi tu zikiwa bado zimo katika akaunti iliyozipokea.