Bastola ya Mkobani na Mji wa Goma

Bastola ndogo ya kubeba mkobani ni zao la Ubelgiji, nchi ileile iliyoitawala Kongo hadi mwaka 1960. Mwaka 1906 kiwanda cha Fabrique Nationale kilichoko Herstal, pembeni mwa Liège, kilitoa bastola ya milimita 6.35 iliyobuniwa na Mmarekani John Moses Browning. Ilikusudiwa ikae kwenye mfuko wa kizibao cha mwanamume au mkoba wa mwanamke bila mtu kuitambua, na zaidi ya milioni moja zilitengenezwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mhandisi wa kiwanda hicho, Dieudonné Saive, aliipunguza tena. Bastola yake, iliyouzwa kwa jina la Baby, ina urefu wa sentimita kumi na kidogo, uzito wa gramu 275 hivi, na hubeba risasi sita. Kiganja kinaifunika nusu.

Tangu hapo mwanamke wa Ulaya au Marekani anayehofia njia za usiku amekuwa na maswali ya kujiuliza dukani. Achukue nyepesi inayosahaulika mkobani, au nzito inayotulia mkononi wakati wa kufyatua? Achague risasi ndogo isiyourusha mkono, au kubwa inayomwangusha mtu? Mwanamke wa Goma, mashariki mwa Kongo, anaishi katika mji ambao silaha zimepita kwa shehena kwa miaka thelathini na zaidi, lakini dukani hapo hajawahi kufika. Sababu zake ziko katika historia, na zinaanza kabla Goma haijawa mji.

Bunduki za kwanza kuingia mashariki mwa Kongo zilitoka pwani. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu, akina Tippu Tip na Rumaliza, ilileta gumegume kutoka Zanzibar na kuzitumia kuwinda tembo na watu. Nyanda za juu za Kivu zilikuwa pembezoni mwa biashara hiyo, kwa kuwa ufalme wa Rwanda chini ya Mwami Rwabugiri uliwazuia wageni. Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani aliyefika Ziwa Kivu na kupanda Nyiragongo mwaka 1894, alikuwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuyaona maeneo hayo, naye alikuja na askari wenye bunduki za kisasa.

Kufikia wakati huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yameshaamua nani barani Afrika ashike silaha gani. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika ukanda mpana wa bara, kuanzia latitudo ya nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya utumwa. Mwafrika aliachiwa gumegume na baruti ya kawaida, na bunduki yenye mtutu wa mifereji ikabaki kwa dola, askari wake na Wazungu waliopewa idhini. Msingi huo uliendelea katika Kongo ya Wabelgiji. Mwindaji Mkongo aliweza kupata gobore la kushindilia kwa kibali, na bastola ikawa silaha ya afisa, mlowezi na mmisionari.

Goma yenyewe ilikua kama kituo cha Wabelgiji mkabala na Gisenyi ya Wajerumani, na mwaka 1916 mpaka huo ukawa uwanja wa vita. Majeshi ya Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur yaliingia Rwanda, kisha yakasonga hadi Tabora na kuiteka mwezi Septemba. Vita vilipopita, Kivu ikawa nchi ya walowezi wa kahawa na watalii wa mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925, ambayo leo inaitwa Virunga. Wake wa walowezi waliishi kwenye mashamba ya mbali, na bastola ya Herstal haikuwa kitu cha ajabu katika nyumba za aina hiyo.

Kwa mwanamke wa kilowezi na bastola, mfano ulioandikwa zaidi Afrika Mashariki unatoka Kenya. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwezi Oktoba 1952, walowezi walitakiwa kutoachana na silaha zao, na aliyeipoteza kwa uzembe alishtakiwa, kwa maana wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wakizitafuta. Wanawake wa Kizungu walikaa mezani na bastola kiunoni. Mwezi Januari 1953 wanawake wawili waliokuwa peke yao shambani karibu na Nyeri waliwafyatulia risasi waliowavamia, wakanusurika, na habari yao ikatangazwa duniani kote. Gazeti lililosifu ujasiri wao halikuwa na la kusema juu ya mwanamke Mkikuyu wa jirani, ambaye kukutwa na risasi moja tu kungeweza kumfikisha kwenye kitanzi. Sheria ya silaha ya kikoloni ilimlinda mtu kulingana na rangi yake, na jambo hilo lisemwe wazi, kwani mara nyingi linapitwa katika vitabu vinavyosifu silaha ya kujilinda.

Mwezi Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, askari wa Force Publique waliasi, na Wazungu wengi wa Kivu wakavuka kwenda Gisenyi. Silaha ya miaka iliyofuata ilitoka mikononi mwa mhandisi yuleyule wa bastola ya mkobani. Dieudonné Saive ndiye aliyebuni FAL, bunduki ndefu ya milimita 7.62 iliyobebwa na jeshi la Kongo na mamluki katika vita vya miaka ya 1960, ukiwemo uasi wa Simba wa mwaka 1964. Kati ya kazi hizo mbili za Saive, ile kubwa ndiyo iliyofika kwa wingi Kivu, na mwanamke wa Kivu aliijua akiwa mbele ya mtutu wake.

Sheria inayotawala silaha za raia ni ya zama za Rais Mobutu: amri ya kisheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Inamtaka raia awe na kibali ndipo amiliki silaha ya moto. Kwenye karatasi haimtengi mwanamke. Lakini miaka miwili baadaye, tarehe 1 Agosti 1987, ilitoka Sheria ya Familia iliyomtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria linalomfunga yeye binafsi, na sharti hilo lilidumu hadi liliporekebishwa mwezi Julai 2016. Kwa karibu miaka thelathini, mke ambaye hakuweza kutia sahihi mkataba bila mumewe hangeweza kutazamiwa kusimama peke yake ofisini kuomba bastola. Wanawake waliobeba bastola kihalali walikuwa askari na polisi. Hata walinzi wa kampuni binafsi waliokaa kwenye mageti ya mitaa ya Himbi na Les Volcans hawakubeba bunduki. Mwenye nyumba aliyetaka mlinzi mwenye silaha alitafuta polisi.

Mwezi Julai 1994 ulivunja kila hesabu. Baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, zaidi ya watu laki nane walivuka na kuingia Goma kwa siku chache, na kati yao lilikuwamo jeshi zima la Rwanda lililoshindwa pamoja na wanamgambo wa Interahamwe. Askari wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, waliwanyang'anya silaha mpakani. Bunduki, mabomu ya mkono na mapanga vililundikwa pembeni mwa barabara, huku wakimbizi wakipita kuelekea kambi za Mugunga, Kibumba na Katale. Silaha hizo hazikukaa kwenye marundo. Nyingi zilirudi mikononi mwa wenyewe au ziliuzwa na askari ambao mishahara yao ilikuwa haifiki, na nyingine mpya zikaingia kwa ndege. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda tume mwezi Septemba 1995 kuchunguza jinsi jeshi lililoshindwa lilivyokuwa likipewa silaha, na uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa katikati ya uchunguzi huo.

Kilichofuata kinajulikana na kila familia ya mjini. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa AFDL mwanzoni mwa Novemba 1996, uasi wa RCD ukaanzia hapo mwezi Agosti 1998, na waasi wa M23 wakauteka mji mwezi Novemba 2012 kwa siku kumi na moja. Kila jeshi lililoondoka liliacha bunduki nyuma, na kalash ikawa silaha ya jambazi wa kawaida wa mitaa kama Katoyi au Majengo.

Hapa ndipo wazo la bastola ya mkobani linapogonga mwamba, hata sheria ikiwekwa kando. Risasi ya milimita 6.35 hutoka mtutuni na nguvu ya jouli 90 hivi. Ile ya kalash hutoka na jouli karibu 2,000, na bunduki hiyo hufyatua mfululizo. Majambazi wanaoingia lupangoni usiku huja kwa kundi. Bastola iliyo chini ya kitenge inahitaji mkono uifikie, uitoe, uifungue kizuizi na kulenga, wakati mtutu wa pili tayari umeelekezwa kwa watoto. Zaidi ya hayo, raia anayekutwa na silaha ya vita nchini Kongo hufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mwanamke aliyejinunulia ulinzi kwa njia ya magendo angekuwa na maadui wawili, jambazi na hakimu.

Takwimu zinaonyesha hatari iko wapi. Madaktari Wasio na Mipaka waliwahudumia waathirika 674 wa ukatili wa kingono katika kambi za kuzunguka Goma kwa wiki mbili tu za mwezi Aprili 2023, yaani watu 48 kwa siku. Wengi walishambuliwa walipokwenda msituni kutafuta kuni au chakula, na washambuliaji wengi walikuwa na silaha. Mama aliyelala chini ya turubai kwenye kambi kama Bulengo au Rusayo hakuwa na bei ya bastola. Kilichoweza kumwokoa ni kupunguziwa safari ya msituni, kwa kupewa makaa au jiko linalotumia kuni chache.

Wanawake wa Goma wenyewe walijenga ulinzi wa aina nyingine, na sehemu hii ya historia inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa. Kwenye mitaa mingi kengele ya hatari ni filimbi na sufuria. Anayesikia mlango ukigongwa kwa nguvu usiku hupiga filimbi, jirani huanza kugonga sufuria, wa tatu naye hufuata, mpaka mtaa mzima unalia na majambazi wanalazimika kuchagua kati ya kuendelea na kukimbia. Wachuuzi wanaovuka mpaka wa Rwanda pale Petite Barrière kila asubuhi hutembea kwa makundi, na fedha hufungwa kwenye ncha ya kitenge na kufichwa mahali pasipofikiwa haraka. Ulinzi huo haukosi mapungufu, ila haumfikishi mwenyewe gerezani.

Upande wa sheria ulipiganiwa pia. Mashirika ya wanawake yalishinikiza hadi zikapitishwa sheria mbili za ukatili wa kingono tarehe 20 Julai 2006, zilizopanua maana ya ubakaji na kuongeza adhabu. Jaribio kubwa la sheria hizo lilikuwa kesi ya Minova. Mwezi Novemba 2012 askari wa serikali waliokuwa wakiikimbia M23 walibaka wanawake na wasichana zaidi ya 100 katika mji huo mdogo wa kando ya ziwa. Askari 39 walishtakiwa mjini Goma, na waathirika walitoa ushahidi wakiwa wamefunikwa nyuso. Hukumu ilisomwa mwezi Mei 2014, na waliopatikana na hatia ya kubaka walikuwa wawili tu. Ni vigumu kutaja hukumu iliyowavunja moyo zaidi wanawake wa Kivu.

Miaka ya karibuni silaha zimezidi kusambaa. Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi mwezi Mei 2021, na vita vya M23 viliporudi, vijana wa makundi ya wapiganaji yanayoitwa Wazalendo walipewa nafasi ya kupigana upande wa serikali, wakiingia na kutoka mjini na bunduki zao. Ujambazi na mauaji ya usiku yaliongezeka. Mwezi Machi 2024 serikali ilirudisha utekelezaji wa hukumu ya kifo, ikiwemo kwa ujambazi wa mijini unaosababisha vifo, na mwaka huohuo wakuu wa mji waliendesha operesheni iliyoitwa Safisha muji wa Goma. Bunduki zilikamatwa, nyingine zikaingia.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliuteka mji tena. Wanajeshi waliokuwa wakitoroka walitupa bunduki na sare barabarani, na vijana wakaziokota. Katika gereza la Munzenze wafungwa walivunja milango. Umoja wa Mataifa uliripoti kwamba wafungwa wanawake wasiopungua 165 walibakwa, na wengi wao wakafa kwa moto uliowashwa humo. Wanawake hao walikuwa mikononi mwa dola, nyuma ya kuta zake na chini ya walinzi wake.

Kwa historia hii, anayetaka kumlinda mwanamke wa Goma aanze na silaha zilizokwisha kuwapo mjini: zihesabiwe, zikusanywe, na askari alipwe ili asiiuze yake. Kuni na makaa vifike kambini, polisi wa kike wapewe gari na mafuta ya kuitikia filimbi ya usiku, na mahakama zihukumu ubakaji kama ubakaji. Yeyote anayeushika mji, iwe serikali ya Kinshasa au wapinzani wake, anadaiwa hayo.