Sare Nne, Ushindi Mara Mbili: Jinsi Burundi Ilivyofika AFCON 2019

Timu ya taifa ya Burundi, Intamba mu Rugamba, ilifuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 2019, ilipotoka sare ya 1–1 na Gabon mjini Bujumbura. Sare hiyo iliipa pointi 10 na nafasi ya pili katika Kundi C nyuma ya Mali. Burundi ilicheza mechi sita bila kupoteza hata moja: ilishinda mbili na kutoka sare nne. Sare hizo ndizo zilizoifikisha fainali nchini Misri. Ndizo pia zilizoonyesha mapema mahali ambapo timu ingekwama ikifika huko.

Miaka ya kusubiri

Burundi ilijiunga na FIFA mwaka 1972, lakini kwa miongo mitatu na zaidi sifa za soka lake zilibebwa na klabu na vijana kuliko timu ya wakubwa. Mwaka 1992 Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikatoka sare ya 1–1 nyumbani na Africa Sports ya Abidjan kabla ya kufungwa 4–0 ugenini. Mwaka uliofuata timu ya taifa nusura iende Tunisia kwa fainali za 1994. Ililingana na Guinea katika kundi lake, ikalazimika kurudiana nayo, na ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 1995 vijana wa chini ya miaka 20 walicheza Kombe la Dunia la vijana nchini Qatar.

Kizazi hicho hakikupata utulivu wa kukomaa pamoja. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia katika vita vilivyodumu zaidi ya miaka kumi. Familia nyingi zilikimbilia nje, na wachezaji wakatafuta maisha penye nafasi. Shabani Nonda, mzaliwa wa Bujumbura, alipita Yanga ya Dar es Salaam, kisha akafika Monaco iliyocheza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2004. Timu ya taifa aliyoichezea, hata hivyo, ilikuwa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Dalili za kufufuka zilianza baada ya vita. Lydia Nsekera aliliongoza shirikisho la soka la Burundi, FFB, kuanzia 2004 hadi 2013, na akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika kamati ya utendaji ya FIFA. Mwaka 2013 Vital'O ilitwaa Kombe la Kagame nchini Sudan kwa kuifunga APR ya Rwanda 2–0 katika fainali. Mfungaji wake hatari, Amissi Tambwe, alisajiliwa na Simba mara baada ya mashindano hayo, na msimu huohuo akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Mwaka 2014 Burundi ilicheza CHAN nchini Afrika Kusini, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani, ikaifunga Mauritania 3–2 lakini haikuvuka hatua ya makundi.

Kanuni mpya

Mechi za kuwania AFCON 2019 zilianza Juni 2017 chini ya kanuni za zamani. Fainali zilikuwa za timu 16, na katika makundi 12 ni vinara tu waliokuwa na uhakika wa kwenda, pamoja na washindi wa pili wachache waliofanya vizuri kuliko wenzao. Julai 2017, mjini Rabat, shirikisho la soka la Afrika, CAF, liliamua kuongeza timu hadi 24 na kuhamishia mashindano Juni na Julai. Tangu hapo nafasi ya pili ikatosha kuifikisha timu fainali.

Mabadiliko hayo yalikuwa na uzito mkubwa kwa Kundi C. Mali ilikuwa imeshika nafasi ya tatu barani mara mbili mfululizo, 2012 na 2013. Gabon ilikuwa imetoka kuandaa fainali za 2017 na ilimtegemea Pierre-Emerick Aubameyang, mwanasoka bora wa Afrika wa 2015. Sudan Kusini ilikuwa taifa changa kabisa katika soka la bara. Kwa hesabu za wengi Burundi ilikuwa inawania nafasi ya tatu. Kanuni mpya iliifungulia njia, lakini bado mmojawapo wa vigogo wale wawili alipaswa kuachwa nyuma.

Kocha alikuwa Olivier Niyungeko, Mrundi ambaye mashabiki humwita Mutombola. Alijenga timu ya kukaba kwa nidhamu na kushambulia kwa kasi kila mpinzani alipojisahau. Mabao alimtegemea zaidi Fiston Abdul Razak, mshambuliaji aliyezaliwa Bujumbura.

Mechi sita

Burundi ilianza tarehe 10 Juni 2017 kwa kuifunga Sudan Kusini 3–0 nyumbani, kwenye Uwanja wa Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambao sasa unaitwa Intwari. Kisha kundi likalala kwa miezi kumi na tano.

Wakati huo wa kusubiri ulileta sura mpya. Saido Berahino alizaliwa Bujumbura mwaka 1993, akampoteza baba yake wakati wa vita, na akiwa mtoto wa miaka kumi akahamia Uingereza. Huko alikuzwa na West Bromwich Albion, akachezea timu za vijana za Uingereza hadi ile ya chini ya miaka 21, na mwaka 2014 aliitwa katika timu ya wakubwa bila kupewa dakika hata moja uwanjani. Kwa kuwa hakuwa ameichezea timu hiyo ya wakubwa, kanuni za FIFA zilimruhusu kurudi katika nchi aliyozaliwa. Mwaka 2018 kibali kilitoka.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa Libreville tarehe 8 Septemba 2018, na Burundi ikaondoka na sare ya 1–1 mbele ya Gabon. Tarehe 12 Oktoba ilikwenda Bamako ikatoka suluhu na Mali. Siku nne baadaye timu hizo zilirudiana Bujumbura na matokeo yakawa 1–1. Kwa hiyo ndani ya wiki sita Burundi ilikuwa imekutana na vigogo wa kundi mara tatu, mbili kati yake ugenini, bila kufungwa. Hapo ndipo hesabu za kundi zilipogeuka, kwa sababu Gabon ilikuwa tayari imepoteza ugenini kwa Mali.

Tarehe 16 Novemba Burundi iliifunga Sudan Kusini 5–2 ugenini, na katika raundi hiyohiyo Gabon ikalala 1–0 nyumbani mbele ya Mali. Zikiwa zimebaki mechi za mwisho, Mali ilikuwa na pointi 11 na tiketi mkononi, Burundi 9 na Gabon 7. Ratiba ilikuwa imewakutanisha wawili hao wa mwisho Bujumbura. Burundi ilihitaji sare tu, ilhali Gabon haikuwa na njia nyingine isipokuwa ushindi.

Mechi hiyo ya 23 Machi 2019 ilibaki bila bao kwa zaidi ya saa nzima. Dakika ya 76 Cédric Amissi, aliyekuwa akichezea Al-Taawoun ya Saudi Arabia, aliifungia Burundi. Furaha ilidumu dakika sita. Dakika ya 82 beki Omar Ngando alijifunga, na Gabon ikawa bao moja tu kutoka kwenye tiketi. Burundi ilijilinda dakika zilizobaki mpaka kipyenga cha mwisho, na Aubameyang na wenzake wakabaki nje ya fainali. Msimamo wa mwisho ulikuwa Mali pointi 14, Burundi 10, Gabon 8 na Sudan Kusini bila pointi.

Takwimu za kundi hilo zinaeleza timu ilivyokuwa. Burundi ilifunga mabao 11 na kufungwa 5. Fiston Abdul Razak peke yake alifunga 6, akazidiwa bao moja tu na Odion Ighalo wa Nigeria, kinara wa ufungaji katika mechi zote za kufuzu barani. Lakini mabao 8 kati ya hayo 11 yalitoka katika mechi mbili za Sudan Kusini. Katika mechi nne dhidi ya Mali na Gabon, Burundi ilifunga 3 na kufungwa 3. Ilikuwa imejua kuwanyima wakubwa ushindi, lakini haikuwa imepata njia ya kuwafunga mara kwa mara.

Misri

Fainali zilikuwa zimepangwa kufanyika Cameroon. CAF iliinyang'anya uenyeji tarehe 30 Novemba 2018 kwa kuchelewa maandalizi, na Januari 2019 ikaupa Misri. Kwa Afrika Mashariki huo ulikuwa mwaka wa neema: Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi zote zilifuzu. Tanzania haikuwa imeonekana fainali tangu 1980, na Kenya tangu 2004.

Droo ya Aprili, iliyofanyika Giza, iliiweka Burundi katika Kundi B pamoja na Nigeria, bingwa mara tatu, na Guinea, ileile iliyoizuia mwaka 1993. Wa nne alikuwa Madagascar, mgeni mwenzake. Kikosi cha Niyungeko kilichanganya wachezaji wa pande nyingi. Nahodha alikuwa Berahino, na golini alikuwepo Jonathan Nahimana wa KMC ya Dar es Salaam. Elvis Kamsoba alitoka Melbourne Victory ya Australia, na Gaël Bigirimana, mzaliwa mwingine wa Bujumbura, alikuwa amekulia katika soka la Uingereza. Vita vilivyowatawanya Warundi vilikuwa pia vimewalea wachezaji wao katika mabara mengine. Katika maandalizi timu ilitoka sare ya 1–1 na Algeria mjini Doha, wiki chache kabla Algeria haijatwaa ubingwa huohuo wa Afrika.

Mechi ya kwanza ilichezwa Alexandria tarehe 22 Juni. Burundi iliibana Nigeria hadi dakika ya 77, ndipo Ighalo, aliyekuwa ameingia muda mfupi kabla akitokea benchi, akafunga bao pekee. Tarehe 27 Juni, kwenye uwanja uleule, ilikuwa zamu ya Madagascar. Marco Ilaimaharitra alifunga kwa mpira wa adhabu dakika ya 76, na Madagascar ikapata ushindi wake wa kwanza katika fainali. Kichapo hicho kiliuma zaidi, maana pale ndipo Burundi ilipotarajia kuvuna pointi. Madagascar ilikwenda kuongoza kundi na kufika robo fainali.

Mechi ya tatu, Cairo tarehe 30 Juni, iliharibika mapema. Christophe Nduwarugira alitolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 13, na Mohamed Yattara akaifungia Guinea mara mbili, dakika ya 25 na ya 52. Burundi ilirudi nyumbani bila pointi na bila bao. Ukuta haukuwa umeporomoka, kwani mabao manne tu ndiyo yaliyopita katika mechi tatu, na mawili kati yake timu ikiwa na wachezaji kumi. Kilichokosekana ni kilekile kilichoonekana katika mechi za Mali na Gabon. Katika kundi la kufuzu sare ilikuwa na thamani kwa sababu kulikuwa na Sudan Kusini ya kuchukuliwa pointi sita. Alexandria na Cairo hapakuwa na mpinzani wa namna hiyo, na bao moja la dakika za mwisho lilitosha kuharibu kazi ya saa nzima.

Baada ya 2019

Septemba mwaka huohuo Burundi ilikutana na Tanzania katika raundi ya kwanza ya kuwania Kombe la Dunia la 2022. Zilitoka 1–1 Bujumbura na 1–1 tena Dar es Salaam, kisha Tanzania ikapita kwa penalti 3–0. Hivyo mwaka 2019 Burundi ilikosa ushindi katika mechi zote sita za mashindano hayo mawili na ile ya Gabon, ingawa katika tatu kati yake haikufungwa ndani ya dakika za kawaida.

AFCON za 2021, 2023 na 2025 zilifanyika bila Burundi. Tatizo la viwanja liliongeza mzigo, kwa kuwa baadhi ya mechi za nyumbani zilichezwa nje ya nchi, ikiwemo ile ya Novemba 2023 dhidi ya Gambia, iliyochezwa Dar es Salaam. Timu iliyojipatia pointi Bujumbura dhidi ya Mali na Gabon ikakosa hata faida ya kucheza mbele ya watu wake. Hadi sasa fainali za Misri ndizo pekee ambazo Burundi imeshiriki, na kundi la 2017–2019 ndilo pekee ambamo timu hiyo imeweza kumaliza juu ya kutosha kwenda AFCON.