Zebaki ya dhahabu na tansio: mambo ya kujua

Zebaki, ile wachimbaji wanaita merikiri, ni madini mazito ya majimaji yenye kung'aa kama feza. Kule Mongbwalu, katika territware ya Djugu, na kwenye machimbo mengine ya Ituri, wanaichanganya na mchanga uliooshwa ili ishike dhahabu. Kisha wanachoma lile donge: zebaki inapanda kama mvuke, dhahabu inabakia.

Mvuke huo hauna harufu. Mtu akiuvuta, karibu 80 kwa mia ya zebaki hiyo inabakia mwilini, na inafika kwenye ubongo na figo. Figo ndizo zinapima maji na chumvi ya mwili. Zikiharibika, tansio inaweza kupanda. Alama zingine ni mikono kutetemeka, kukosa usingizi na kusahau-sahau.

Tansio ina sababu nyingi: chumvi, pombe, unene, umri. Kwa hiyo mwenye kupimwa 14 juu ya 9 ao zaidi amwambie muganga kama anachoma dhahabu, ao kama inachomwa nyumbani kwake. Bila hivyo, muganga hatawaza zebaki.

Kitambaa puani hakizuii mvuke. Kuchomea jikoni, ndani ya sufuria ya chakula, ni kupelekea sumu mama mwenye mimba na watoto. Afazali kuchomea inje, mbali na watu, ao kutumia retorti, chombo cha kufunga ambacho kinarudisha mvuke kuwa zebaki.

Mkataba wa dunia juu ya zebaki, wa 2013, unaitwa Minamata, jina la mji wa Japani ambako ugonjwa wa sumu hiyo ulitambuliwa mwaka 1956.